Shangazi, mbona wao wanavuta na hawachizi?

Jamani kuna uongo mmoja tunawaambia sana watoto wetu huku kusini, kanisani wanaambiwa, shuleni wanaambiwa, na sisi nyumbani tunaongezea chumvi, kwamba ukivuta bangi mara moja tu unakua chizi. Haya, mtoto anaondoka na hilo neno kichwani anaenda kupulizia korosho, huko shambani anakuta mijitu mizima inavuta tangu enzi za Mwinyi, ina wake, ina nyumba za bati, inabeba mashine mgongoni alfajiri mpaka jua linatoka na wala haijachizi. Hapo ushampoteza. Kila utakachomwambia baada ya hapo, hata kiwe kweli tupu, anaona ni zilezile za shangazi na katekista.

Mimi niko upande wa Masasi, njia hii ya kwenda Ndanda, napika nauza chakula miaka mingi, na kwenye jumuiya yetu ndogo ndogo nimekua mwenyekiti mpaka wenyewe wamenichoka. Kuanzia mwezi wa sita wapulizaji wa salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, wanakula kwangu, kwahiyo hawa vijana nawajua, najua nani anavuta na nani havuti, macho tu yanasema na sahani pia inasema maana aliyevuta anakula ugali wa watu wawili na bado anaulizia ukoko. Siandiki kama mtaalam. Naandika kwasababu ya mtoto wa kaka yangu, na kwasababu ya maswali ambayo vijana wa parokia waliniuliza baadae ambayo yalinikosesha usingizi.

Huyu mtoto hakua mtoto mbaya, niseme mapema maana watu wakisikia bangi wanaona jambazi. Alikua mtumikiaji altareni, anajua kupiga kinanda kidogo, hisabati anaziweza. Alianza akiwa na miaka kama 15, yuko sekondari, na alianza kama wanavyoanza wengi, sio kwa stresi wala shetani kumtokea usiku, ni marafiki tu likizo ya mwezi wa sita, wamepata kibarua cha kupulizia, wanatoka saa kumi alfajiri maana salfa inataka umande na upepo usiwepo, baridi ipo, usingizi upo, kuna mkubwa wao pale anawasha msuba anasema huu unaondoa uoga wa nyoka. Ndio hivyo tu. Baada ya hapo matokeo yakaanza kushuka, akawa mzito kuamka, anacheka vitu visivyochekesha, kaka yangu akasema ni malaria inamrudia rudia, wifi yangu akasema ni mapenzi.

Miaka ikaenda. Kidato cha nne akatoka na matokeo ya kusikitisha, akaingia kwenye bodaboda, na uvutaji sasa ukawa wa kila siku, asubuhi kabla ya kazi na jioni. Na alikua anaendesha freshi tu, watu wanampanda. Hapa ndio pagumu kuelezea, kwa muda wa kama miaka mitatu hivi ungemuuliza mtu yeyote kijiweni angekuambia bangi haijamfanya kitu.

Alipofika 19, msimu wa korosho, minada imefunguliwa, hela zinazunguka mjini, ndio mambo yakageuka. Kwanza akaacha kulala. Sio kulala kidogo, halali. Halafu akawa anasema redio ya jirani inamtaja jina, akasema watu wa chama cha msingi, ushirika wa wakulima, wameweka kifaa kwenye simu yake ili wajue korosho za baba yake ziko ghala gani. Simu akaifukia. Halafu siku moja nimempelekea chakula, ugali wa muhogo na samaki wa nazi ambao anaupenda tangu ana meno mawili, akaniangalia kwa macho ambayo sijawahi kuyaona akasema shangazi najua ulichoweka humo. Mimi mpishi, nalisha mji mzima, mtoto wangu mwenyewe ananiambia nimemtilia sumu. Nilikaa nyuma ya jiko nikalia.

Kikao cha ukoo kikakaa na kama mnavyojua vikao vyetu kila mtu alikuja na jibu lake mkononi. Upande wa baba mkubwa wakasema amerogwa, kaka yangu alipata korosho nyingi mwaka ule na majirani hawakufurahi. Dada yetu aliyeokoka akasema ni pepo la bangi, kuna mahali pa maombi anapajua. Shemeji yetu mmoja ni muislamu, familia zetu huku zimechanganyika mnajua, yeye akasema kwetu sisi kilevi ni kilevi, kimekatazwa, lakini mgonjwa ni mgonjwa, mpelekeni hospitali. Nilimpenda sana siku ile. Ila alikua peke yake na ni shemeji, sauti ya shemeji kwenye kikao haina kilo.

Basi akapelekwa kwenye maombi. Sitataja ni wapi na wala sio nia yangu kusema vibaya watu wanaoomba, mimi mwenyewe naomba, rozari yangu imeisha rangi. Ila walimfungisha kula na kunywa, mtu ambaye tayari halali, usiku kucha ngoma na kelele, na wakasema vidonge vyovyote ni kukosa imani. Aliporudi alikua amekonda mpaka mbavu unahesabu, anaongea na ukuta. Ubongo ambao haujalala halafu unanyimwa na chakula, hata wa mtu mzima asiyevuta kitu utayumba, hili sihitaji digrii kulijua.

Hospitali ndio nilikoanza kujifunza. Yule nesi wa afya ya akili hakuanza na mambo ya bangi hata kidogo, alianza na kidole, akatoa damu akapima malaria, akapima sukari, akaomba kipimo cha ukimwi. Nikashangaa. Akaniambia mama, malaria ikipanda kichwani mtu anaongea hivi hivi, sukari ikishuka sana mtu anaongea hivi hivi, na nikisema ni bangi kwasababu tu anavuta nikaacha malaria, nitamzika. Vyote vikatoka salama. Ndio akakaa naye chini akamuuliza unavuta nini, mara ngapi, tangu lini, kwa sauti ileile ambayo ungemuuliza mtu unakunywa maji kiasi gani, na yule mtoto ambaye baba yake alimchapa na bado hakusema kitu, akasema yote.

Akapewa sindano na vidonge, haloperido. Na hapa nawaambia wenzangu wenye wagonjwa, sikilizeni vizuri, maana ndio wengi wanapoangukia. Baada ya siku chache shingo ikakakamaa ikageukia upande, mate yanamtoka, anatembea kama mti. Kaka yangu akasema mnaona? Wanamuua! Akataka kumtoa wodini usiku ule ule. Kumbe ni tabia inayojulikana ya hiyo dawa, na kuna kidonge kingine cha kulegeza, benzeksoli, akapewa na kesho yake shingo ikarudi. Nimekutana na familia si moja ambazo waliona ile shingo wakatupa dawa wakarudi kwa mganga, na mganga akapata sifa maana ukiacha ile dawa shingo kweli inalegea, ila kichwa kinarudi palepale.

Kitu kingine nilidhani kipo kumbe hakipo. Nilisikia kuna dawa za kuwaachisha watu, methadoni, ile wanayopewa kule Muhimbili tangu 2011. Nesi akasema hiyo ni ya watu wa heroini, ya bangi hakuna. Bangi unaiacha mkavu. Wiki ya kwanza na ya pili hasira, usingizi hamna, hamu ya kula hamna, jasho, ndoto za ajabu, halafu inapungua. Kwahiyo huyu alikua anapambana na vitu viwili kwa pamoja, ugonjwa na arosto, na sisi ndugu tunamwambia tu jikaze.

Padri wetu alikuja wodini akampaka mafuta ya wagonjwa. Kaka yangu akamvuta pembeni akamuuliza, padri nikiendelea na hizi dawa sio kwamba namdharau Mungu? Padri akamwambia kasome Yoshua bin Sira sura ya 38. Pale imeandikwa umheshimu tabibu, kwamba Bwana ndiye aliyemuumba, na dawa amezitoa katika ardhi, mwenye akili hazidharau. Kaka yangu akatulia. Dada yetu mlokole akasema hicho kitabu kwenye Biblia yetu hakimo, na ni kweli kwao hakimo, basi hapo ubishi ukahamia kwingine kabisa, angalau mgonjwa akapata kumeza dozi yake kwa amani.

Alikaa sawa polepole. Sio muujiza wa siku moja. Miezi ilipita kabla hajacheka vizuri.

Sasa ikaja hii ya pili. Vijana wa parokia, VIWAWA, wakaandaa semina yao na wakaomba niongee nao kwasababu stori walikua wanaijua mji mzima. Nilijiandaa kwa hotuba ya kawaida, mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, Wakorintho wa kwanza 6:19, amina, tukale. Sikufika mbali. Kijana mmoja wa bodaboda akanyoosha mkono akasema shangazi, mbona wao wanavuta na hawachizi? Akawataja kwa majina. Ukumbi wote kicheko, maana mmojawapo ni mjomba wake mwenyewe na yuko kwenye kamati ya ujenzi wa kigango.

Niliahirisha jibu. Nikasema nitarudi. Nina binti yangu anasomea uuguzi, nikampigia, nikamwambia nataka ukweli sio wa kutisha watu, ukweli wenyewe. Akaniambia mama wengi kweli hawachizi. Kuna utafiti wa Sweden ulitoka 1987, walifuatilia vijana wa jeshi zaidi ya 45,000 kwa miaka 15, waliokua wamevuta zaidi ya mara 50 walipofika jeshini, hatari yao ya kupata skizofrenia, huu ugonjwa wa kusikia sauti, ilikua kama mara 6 ya wale ambao hawajawahi. Sasa ugonjwa wenyewe kwa kawaida haumpati hata mtu mmoja katika 100. Kwahiyo hata ukizidisha mara 6 bado walio wengi watabaki salama, na wataalam mpaka leo wanabishana ni bangi yenyewe kiasi gani na ni kitu gani kilikua tayari ndani ya mtu. Shida ni kwamba hakuna anayejua yeye ni wa kundi gani mpaka yamkute. Ukianza mdogo hatari inapanda, ukivuta kila siku inapanda, ukivuta ile kali inapanda, kwenu kama kuna ndugu alishaugua inapanda zaidi. Nikakaa kimya kwenye simu. Upande wa wifi yangu kuna mjomba wao alikua anatembea barabarani anaongea peke yake mpaka anakufa, na hakuna aliyewahi kumwambia yule mtoto.

Niliporudi kwa vijana nikawaambia hivyo hivyo. Nikasema nisameheni mmeambiwa mara moja unachizi, sio kweli, na mjomba wako ni kweli hajachizi. Wakanyamaza, hawakutegemea. Nikawaambia na mengine aliyonifundisha binti, kwamba ubongo unaendelea kujengwa mpaka miaka kama 25 na kinacholewesha kwenye bangi, THC, kinaenda kukaa kwenye milango ambayo ubongo umejiwekea kwa kazi zake wenyewe za kumbukumbu na hisia, ndio maana anayeanza na miaka 15 sio sawa na anayeanza na 40. Kwamba katika wanaojaribu, karibu mmoja kati ya 10 anafika kushindwa kuacha, na wakianza wakiwa vijana wadogo ni karibu mmoja kati ya 6. Kwamba moyo unaenda mbio dakika chache baada ya kuvuta, mwenye presha ajiangalie. Kifua pia, moshi ni moshi, kikohozi cha makohozi hakijali umevuta tumbaku au jani. Na kuna ugonjwa wa kutapika wa wavutaji wa siku nyingi, unatapika mpaka nyongo, unapata nafuu ukioga maji ya moto tu, halafu wanakutibu vidonda vya tumbo mwaka mzima. Hapo kijana mmoja nyuma akamtazama mwenzake.

Wasichana nao wapo, tusijidanganye ni wavulana tu. Nikasema mjamzito akivuta inafika kwa mtoto tumboni, watoto wanazaliwa na uzito mdogo. Sikumwangalia mtu.

Yakaisha ya mwili yakaja ya Biblia, na hawa watoto wa siku hizi wana Biblia kwenye simu, usicheze nao. Wa kwanza akasoma Mwanzo 1:29, "Tazama, nimewapa kila mche utoao mbegu", akasema shangazi bangi ina mbegu au haina? Ina. Mwingine akaja na Sira ileile ya padri, dawa zimetoka ardhini! Nikacheka mpaka machozi, nikawaambia nyie mngekua mawakili. Mwingine Yesu aligeuza maji kuwa divai. Mwingine akasema wazungu wameruhusu, Kanada 2018, na Afrika Kusini mahakama yao ya katiba mwaka huo huo ikaruhusu mtu mzima kuvuta kwake.

Katekista alitaka kuwajibu kwa ukali nikamzuia. Mche kutoa mbegu sio hoja kubwa hivyo, hata mbaruti una mbegu, na mstari wenyewe unamalizia vitakuwa ndivyo chakula chenu, haukusema vitakua moshi wenu. Walicheka ila walielewa. Mimi kwa upande wangu sitaki kusikia mkristo anasema mmea umelaaniwa, Mungu alipoumba aliona ni vyema, na hata dawa ipo ndani yake. Binti aliniambia Marekani 2018 walipitisha dawa ya maji ya kifafa kikali cha watoto iliyotengenezwa na CBD, kitu kilichomo kwenye bangi ambacho hakileweshi, kimechujwa na kinapimwa kwa mililita. Umoja wa Mataifa nao 2020 waliitoa bangi kwenye lile kundi la dawa hatari zisizo na faida ya tiba, japo bado iko kwenye zinazodhibitiwa. Kuna mama mmoja hapa alikua anamfukizia mwanae wa kifafa moshi wa bangi kwasababu alisikia inatibu. Dawa ya chupa ile na moshi wa msuba ni vitu viwili tofauti, mpeleke mtoto kliniki apewe dawa za kifafa, zipo.

Kwa wakatoliki msimamo wa kanisa umeandikwa, Katekisimu namba 2291, kutumia dawa za kulevya ni kosa zito kwasababu zinaharibu afya na uhai, isipokua kwa matibabu tu, na wanaotengeneza na kuuza kwa siri wametajwa humo humo kwamba ni kashfa. Nikalisoma polepole hili la wauzaji maana tunapenda kumsema mvutaji, muuzaji anakaa benchi la mbele na anatoa zaka nzuri. Papa Francis naye 2014 alisema wazi kuhalalisha zile za starehe sio suluhisho. Jirani yangu msabato kwao hata chai ya majani hanywi, kwahiyo yeye hana mjadala, na namheshimu kwasababu hachagui. Walokole wengi wanasema ni roho inayoingia. Mimi siwezi kubishana na mtu kuhusu roho, nachosema roho hiyo ukiikemea mpime na malaria.

Ila mstari ulionishika mimi ni wa Paulo, na sio ule wa hekalu. Ni mistari michache kabla yake, 6:12. "Vitu vyote ni halali kwangu, lakini si vyote vifaavyo, vitu vyote ni halali kwangu, lakini mimi sitatiwa chini ya uwezo wa kitu chochote." Nikawauliza vijana, achana na dhambi kidogo, achana na polisi, japo sheria ya 2015 ipo na kifungo chake sio cha mchezo. Nani hapa anaweza kukaa kuanzia leo mpaka Jumapili ya tatu bila kuvuta, bila kumtukana mama yake? Kimya. Yule wa bodaboda, mwenye swali la mwanzo, akasema naweza. Baadae alinifuata dukani akasema shangazi nilishindwa siku ya nne, sikulala. Sikumhubiria, nilimpa chai, nikamwambia hiyo ndio wiki mbaya, jaribu tena, na ukiona unasikia visivyokuwepo usije kwangu, nenda hospitali. Anaendelea kujaribu. Amepunguza, anasema. Namwamini nusu.

Marko 15:23 tuliisoma mwisho, padri ndiye aliyeileta, Yesu yuko Golgotha, kabla hawajamsulubisha, analetewa mvinyo iliyotiwa manemane ya kupunguza maumivu hakuipokea. Wengine waliguswa. Mimi nina wasiwasi nayo kidogo kusema ukweli, maana mtu anaweza kuichukua akakataa hata sindano ya ganzi, na nilimwambia padri hivyo tukiwa tunatoka.

Swali lililotuumiza kweli ni moja tu na aliuliza binti wa kwaya, mpole, haongeagi. Na uraka je?

Kwa msiojua, huku msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, ukifika, mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, kila kijiji kinakamua uraka. Ukiwa wa asubuhi ni kama juisi, ukilala unakua pombe, ukichemshwa ukakingwa unakua nipa, na nipa inaweza kupofusha na hata kuua. Na sikukuu ya Kristo Mfalme inaangukia hapo hapo mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, ndoo za uraka zinaingia mpaka uwanja wa kanisa, wazee wanaimba Kristo Mfalme huku wameshikana mabega wasidondoke. Yule binti akasema mtuambie basi, Waefeso 5:18 inasema msilewe kwa mvinyo, haikusema bangi, imesema mvinyo. Mbona hatujawahi kuandaliwa semina ya uraka?

Sikua na jibu na sikujifanya ninalo. Kunywa bila kulewa kanisa letu halikatazi, hiyo ni kweli, na Paulo mwenyewe alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Ila wale wazee uwanjani hawakua na shida ya tumbo.

Mtoto wa kaka sasa anaendelea vizuri, kila mwezi anaenda kliniki, dozi imepunguzwa, anamsaidia baba yake shambani ila kupulizia alfajiri na lile kundi hapana. Kinanda amerudia. Kuna siku aliniuliza kwanini mimi shangazi, wenzangu nilianza nao siku moja na wao wapo freshi. Nikamsimulia habari za yule mjomba wao wa barabarani, jina lake, alivyokua fundi cherehani mzuri kabla. Wifi yangu hakupenda, tulikwaruzana kidogo, anaona nimetoa siri ya ukoo. Lakini wadogo zake wawili walikua wamekaa pale wanasikiliza, mmoja ana miaka 13, na msimu ujao atataka hela ya kupulizia kama wenzake.

Habari za uraka zikapelekwa kwenye kamati ya kigango, wenyewe vijana ndio walizipeleka kwa barua, wameandika vizuri na mistari ya Biblia. Vikao vilikua vitatu vya kelele. Mjomba wa yule kijana wa bodaboda, wa kamati ya ujenzi, akasimama akasema mila ni mila. Ikapigwa kura ikapita kwa tofauti ndogo, Kristo Mfalme mwaka huu uwanja wa kanisa ni soda na juisi ya mabibo ya asubuhi hiyo hiyo, anayetaka vingine akanywee kwake. Wazee wawili wamesusa michango. Juisi nimepewa tenda mimi, na mabibo lazima yaanze kukamuliwa saa tisa usiku ili yasichachuke, kwahiyo natafuta vijana wa kunisaidia, walio tayari waje dukani wiki hii tuongee malipo.